Kibanda cha Majina ya Ubatizo

Jamhuri ya Mwafaka ni nchi ya amani. Jeshi lake ni kubwa, lina vifaru, lina bendi, lina majenerali wengi kuliko madaktari, na tangu uhuru halijawahi kupigana na mtu yeyote asiyekuwa raia wa Mwafaka. Majirani wanaliogopa kidogo tu. Wenyeji ndio wanaolijua vizuri.

Katika nchi hiyo aliishi sajini mmoja, mtu wa miraba minne mwenye sauti nene na tabia ya upole. Bibi yake alimwita Kasanzu, na kanisani alibatizwa Fulgensi. Majina mawili si ajabu huko. Kila Mkristo wa Mwafaka analo la nyumbani, alilopewa na bibi yake, na la ubatizo, alilopewa na padri au mchungaji. Watu waliyabeba yote mawili miaka na miaka bila kuhisi uzito wowote, mpaka serikali ilipoona imefika wakati wa kuwasaidia.

*

Chanzo kilikuwa koplo mmoja wa mpakani aliyeamriwa kuwafyatulia risasi wanawake walioandamana kudai kisima. Koplo alishusha bunduki, akasema hawezi, yeye amebatizwa. Mkubwa wake alidhani ni homa, akaita daktari. Daktari akampima, akasema joto la mwili ni la kawaida, ila ni kweli mgonjwa amebatizwa.

Habari zikapanda ngazi hadi kwa Rais, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, ambaye alishtuka sana.

"Kwani hawa nao wanabatizwa?" aliuliza.

Akajibiwa kwa unyenyekevu kwamba nusu ya jeshi imebatizwa, na mawaziri karibu wote, na yeye mwenyewe pia alibatizwa, picha zipo.

Basi ikaundwa Tume ya Kuchunguza Iwapo Mkristo Anaweza Kuwa Askari au Kushika Madaraka ya Serikali Bila Kuleta Usumbufu. Tume ilikaa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa swali lilikuwa zito na wajumbe walihitaji kupoza vichwa. Wakristo wenyewe walikuwa wamelijadili swali hilo tangu zamani, vibarazani na katika jumuiya zao. Wapo waliosema haiwezekani, kwa sababu Bwana mwenyewe alimwamuru mwanafunzi wake arudishe upanga. Wapo waliosema inawezekana, kwa sababu yule akida wa Kirumi alisifiwa imani yake na hakuambiwa aache kazi. Ni mabishano ya watu wenye hofu ya Mungu, na tume haikuwa na haja nayo. Waislamu waliambiwa wasubiri tume yao. Walijibu kwamba hawana haraka hata kidogo.

Aliyepewa nafasi ya mwisho kusema, wakati wajumbe wanachungulia chai, ni Mchungaji Obadia, mzee wa kanisa la mabati kutoka milimani.

"Waheshimiwa," alisema, "Mkristo anaweza kuwa askari. Anaweza kuwa mkuu wa wilaya, anaweza kuwa waziri, na Mungu anajua tunavyowahitaji huko. Asichoweza ni kuuacha Ukristo wake mlangoni kama mwavuli. Akiambiwa awalinde watu, na awalinde. Akiambiwa awaue, atasema hapana, na hapo ndipo mtakapojua kwamba kweli mliajiri Mkristo."

Kipaza sauti kikazimika chenyewe, maana vipaza sauti vya Mwafaka vina akili. Mwenyekiti akamshukuru mchungaji kwa mchango wake adhimu, akaamuru apewe gari la serikali limrudishe nyumbani. Gari hilo liliondoka naye jioni ile ile, na mpaka leo bado linampeleka.

Hata hivyo maneno ya mzee hayakupotea bure. Askofu Mkuu Melkiori Sangalali, mtu mwenye tumbo la heshima na pete ya kubusiwa, aliyasikia vizuri. Akasimama, akakohoa kikohozi cha kichungaji.

"Ndugu zangu," akasema, "mzee wetu ametufungulia njia bila kujua. Mlangoni! Kila Mkristo wetu ana majina mawili. Je, Mwenyezi Mungu alitupa mawili kwa hasara? La hasha! La nyumbani ni la mwili, la ubatizo ni la roho. Basi mtumishi wa umma akifika kazini, alitundike la ubatizo langoni, aingie na la nyumbani. Lolote atakalotenda humo ndani limetendwa na mtu mwingine kabisa, ambaye Kanisa halimfahamu wala halimdai. Jioni atalichukua la ubatizo likiwa jeupe, halina hata doa!"

Makofi yalipigwa hadi maji ya bwawa yakatikisika. Mlezi wa Taifa alifurahi, akamzawadia Askofu Mkuu kiwanja katikati ya mji, ajenge Kanisa Kuu la Shukrani kwa Amani. Kiwanja hicho kilikuwa na watu juu yake, lakini hilo lilionekana kuwa dogo.

*

Ndivyo kilivyozaliwa Kibanda cha Majina. Kila lango la kambi, la wizara, la polisi na la ofisi ya mkuu wa wilaya likajengewa kibanda chenye misumari ukutani. Kila Mkristo alipewa kibati chenye jina lake la ubatizo, cha kuvaa shingoni. Asubuhi anakivua, anakitundika, anasema kwa sauti, "Nimeliacha." Jioni anakitundua, anasema, "Nimelirudia." Aliyesahau alikatwa mshahara.

Watumishi walizoea upesi kuliko ilivyotarajiwa. Hakimu alitundika jina, akaingia kuuza kesi. Mganga mkuu alitundika jina, akaingia kuuza dawa za wagonjwa. Waziri wa Ardhi, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye anayepitisha kapu la sadaka, alitundika lake siku aliyoapishwa, na kwa wingi wa majukumu hajapata nafasi ya kurudi kulichukua. Watu wema wa Mwafaka walishangaa kuona jinsi uhalifu serikalini ulivyopungua miongoni mwa Wakristo. Takwimu zilionyesha kwamba hakuna Mkristo hata mmoja aliyekuwa akiiba, kwa sababu saa za kuiba hapakuwa na Mkristo ofisini.

Sajini Kasanzu naye alitundika chake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mshenzi ningemaliza hadithi hii kwa kumtukana nikalale. Alikuwa mume wa mwanamke mmoja, Skolastika, na baba wa binti mmoja, Redemta, mtoto wa kuanza shule. Hakuwahi kulewa. Kanisani kwao Bonde la Kokoto aliimba besi, besi ya kutikisa madirisha, na Jumapili watu walikuwa wakijaa kwa ajili ya kwaya hiyo tu. Alichokuwa nacho ni ugonjwa wa watu wengi wapole, wa kuamini kwamba aliye juu yake amekwisha kufikiri kwa niaba yake.

*

Bonde la Kokoto ndicho kiwanja alichozawadiwa Askofu Mkuu. Wanaoishi humo, wengi wao wanawake, wanavunja mawe kwa nyundo kuanzia jua linapochomoza, wanayachekecha, wanauza kokoto kwa wajenzi. Hakuna kanisa mjini humo ambalo zege lake halikutoka kwenye mikono yao. Sasa walitakiwa kuhama ili lijengwe lingine la kumshukuru Mungu kwa jinsi wanavyoishi kwa amani.

Alhamisi moja kikosi cha Kasanzu kilipelekwa kuwahamasisha. Kapteni Ndalu, kijana wa kupiga pasi hadi kamba za viatu, alipanda juu ya gari, akasoma hotuba.

"Wananchi wapendwa! Serikali yenu sikivu imewaletea maendeleo. Maendeleo hayo yanahitaji nafasi mliyokalia. Mnaombwa kwa heshima zote muondoke sasa hivi."

Wanawake hawakuondoka. Mbele yao alisimama Mama Perpetua, mjane wa mtu hai, kama alivyopenda kujitania, kwa sababu mumewe Mzee Kandidi alikuwa akishinda barabarani na mkokoteni wa kokoto. Huyu mama ndiye aliyeongoza kwaya. Ndiye aliyemfundisha Fulgensi, tangu kijana, mahali pa kuingiza besi na mahali pa kunyamaza. Mkononi alikuwa na nyundo yake ya mawe, kwa sababu alikuwa kazini.

"Baba zangu," akasema, "hapa tumezika vitovu vya watoto. Mnataka twende wapi?"

"Ana silaha!" akapiga kelele Kapteni Ndalu. "Sajini Kasanzu! Fyatua!"

Na Kasanzu akafyatua. Nimejaribu kutafuta namna ya kulipamba jambo hili, nimeshindwa. Alimwona ni nani. Alimwona vizuri. Lakini asubuhi alikuwa amesema "Nimeliacha," na aliyesimama pale, kwa mujibu wa sheria na kwa baraka za Kanisa, alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuimba popote. Mama Perpetua alianguka juu ya lundo la kokoto alilolivunja mwenyewe tangu Jumatatu. Wengine wawili walianguka nyuma yake. Taarifa ya habari ya saa mbili ilisema wananchi wa Bonde wamepokea mradi kwa hisia kali.

*

Jioni sajini alipita langoni, akatundua kibati, akasema, "Nimelirudia," akawa Fulgensi. Akaenda nyumbani.

Skolastika alikuwa jikoni, mwiko mkononi, ugali umeshapoa sufuriani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Redemta, kuna nini?"

"Mama Perpetua hatunaye."

Fulgensi akakaa chini kwenye kigoda, akalia. Alilia machozi ya kweli, mabega yakimtikisika, maana yule mama alikuwa amemlea.

"Nani kamfanyia hivi?" akauliza.

Skolastika akamtazama. Wanawake wa Bonde walikuwa wamemweleza kila kitu mchana ule.

"Kasanzu," akasema.

"Mungu amsamehe," Fulgensi akajibu, kama alivyozoea kujibu kila aliposikia ubaya wa mtu.

"Baba Redemta," mkewe akasema, bila kupandisha sauti, "mkono ulioshika bunduki ndio huo unaosubiri tonge. Sasa nimpakulie nani? Niambie, maana chakula ni cha watu watatu na humu ndani naona wanne."

Hakula. Redemta alikuja akampandia mapajani, akamuuliza kwa nini analia.

*

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Serikali ilileta shada la maua na gari la matangazo. Askofu Mkuu alikuja mwenyewe, jambo la heshima kubwa, na akatumia nafasi hiyo kupima kiwanja kwa macho.

"Dada yetu Perpetua," alihubiri, "ametangulia mahali ambapo hakuna kuhamishwa. Tusiulize nani amefanya nini. Tuwaombee wenye mamlaka, ambao wanabeba mizigo tusiyoijua. Na mchango wa ujenzi utapokelewa pale mlangoni."

Nani aliimba besi? Fulgensi. Nani alishika kamba ya jeneza likishuka? Fulgensi. Nani alishika jembe, akafukia? Yeye huyo huyo, na mikono haikumtetemeka, kwa sababu sheria na Kanisa vilikuwa vimemhakikishia kwamba hakuwepo. Mzee Kandidi, mume wa marehemu, alimkumbatia mbele ya watu. Majirani hawakuwa na moyo wa kumwambia mzee nani alifyatua.

"Fulgensi mwanangu," mzee akasema, "wewe ndiye uliyenibakia. Alikuwa akikusifu kila siku."

Fulgensi alifungua mdomo. Alitaka kusema. Kikatoka kikohozi tu.

Tangu pale hakupata raha. Alitaka kitu kimoja duniani, asamehewe, na hakujua aanzie wapi. Akaenda kwa padri wa kikosi, mwenye cheo cha meja na kola nyeupe juu ya magwanda, akapiga magoti aungame.

"Padri, mtu ameuawa."

"Nani ametenda, mwanangu?"

"Kasanzu."

"Kasanzu amebatizwa?"

"Hapana, padri. Ubatizo uko kwa Fulgensi."

"Na wewe hapa ni nani?"

"Fulgensi, padri. Ni jioni."

Padri alitabasamu, kama fundi anayeonyeshwa kifaa kisichoharibika.

"Basi tulia. Kasanzu hawezi kuungama, hana ubatizo. Fulgensi hana cha kuungama, hakutenda. Kwa hiyo hapa hakuna dhambi. Nenda ukaimbe."

"Lakini padri, mama wa watu kafa."

"Kufa amekufa," padri akakubali. "Dhambi ndiyo haipo."

Fulgensi akatoka pale. Dhambi ilikuwepo, alikuwa akiiona kila akifumba macho, imekaa pale bondeni kama mzigo uliosahaulika kituoni, kila mtu anaupita akisema si wake. Na msamaha nao haukuweza kumfikia, kwa sababu hapakuwa na wa kupewa. Hivi ndivyo walivyomfanyia, hao wenye pete na hao wenye nyota mabegani. Walimnyang'anya hata kosa lake! Mwizi wa kuku akiomba radhi anasikilizwa, lakini huyu alifungiwa mlango wa toba kwa kofuli la serikali, na ufunguo ukawekwa mfukoni mwa joho. Damu inanichemka kuliandika.

*

Wiki iliyofuata ikaja siku ya jiwe la msingi. Walipamba kwa bendera. Waziri wa Ardhi alikuwepo, Askofu Mkuu alikuwepo na mwiko wa kujengea uliopakwa rangi ya dhahabu, bendi ilipuliza. Tatizo lilikuwa dogo tu, watu wa Bonde walikuwa wamekaa ndani ya mtaro wa msingi, kuanzia pembe moja hadi nyingine, na katikati yao kwaya.

Asubuhi ile Kasanzu alitundika kibati chake kama kawaida. Alisema, "Nimeliacha," ila mlinzi wa kibanda alilazimika kumwambia arudie, hakusikika.

"Sajini Kasanzu," alisema Kapteni Ndalu mtaroni, "waamuru vijana wajipange. Tuna ratiba. Mlezi wa Taifa anafika kabla ya chakula."

Wakajipanga. Kwaya ikaanza kuimba wimbo aliozikwa nao Mama Perpetua. Soprano waliingia, alto wakaingia, tena wembamba kidogo kwa kumkosa mwenzao. Walipofika mahali pa besi, wakanyamaza. Wenye besi wote walikuwa jeshini, wamewaelekezea bunduki. Kwaya ikasubiri kwa muda ambao mstari wa besi ungeimbwa ukaisha, ikaendelea. Ubeti wa pili vile vile. Kasanzu alikuwa akiijua kila noti iliyokuwa haiimbwi.

"Tayari!" akaita Kapteni.

Ndipo alipomwona Skolastika, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, na Redemta mapajani. Mkewe hakumwita. Alimwangalia tu, kama mtu anayesubiri kujua atampakulia nani. Mtoto ndiye aliyesimama. Aliwatazama askari wote waliofanana, akamtambua wake kwa namna alivyosimama, mguu mmoja mbele kidogo, akapunga mkono kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Baba!"

Kikosi kizima kiligeuka. Si Kasanzu peke yake. Askari wale karibu wote wana watoto, na mwili wa mzazi hausubiri amri ukiitwa hivyo. Bunduki zikayumba huku na huku. Mmoja wao akajikuta anaitika, "Naam!" kisha akaona aibu.

"Macho mbele!" Kapteni Ndalu alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. "Hakuna Baba hapa! Hapa pana Kasanzu! Nani alimruhusu kuja na hilo jina? Mheshimiwa Askofu, hilo lilipaswa kuachwa langoni!"

Askofu Mkuu alifungua mdomo, mwiko wa dhahabu ukining'inia mkononi.

"Hilo..." akasema, "hilo tume haikulijadili."

Wenye akili zote za Mwafaka, na vyeti vyao, na hoteli yao, waliyakumbuka majina mawili ya mtu wakasahau la tatu, ambalo kila mwanamke wa nchi ile humwita nalo mumewe na kila jirani humwita nalo mwenzake. Baba Redemta. Halikutolewa na bibi wala padri. Halikuwa na kibati.

Sajini akaiweka bunduki yake chini, taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji asiyotaka imwagike. Akavua kofia ya chuma. Kapteni alimwamuru asimame, hakusimama. Aliwapita soprano, akawapita alto, akafika alipokaa Mzee Kandidi. Akapiga magoti kwenye kokoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Fulgensi. Inuka mwanangu, utaumia."

"Si Fulgensi peke yake, baba. Ni mimi niliyemuua Mama."

Mzee akawa hajaelewa. "Wewe nani?"

"Mimi. Kasanzu. Fulgensi. Baba Redemta. Wote ni mimi, baba. Nilimwona ni yeye, nikafyatua."

Mzee Kandidi alimpiga kofi. Lilisikika hadi kwenye jukwaa la wageni. Akampiga la pili, mkono ukakosa nguvu njiani, ukaishia begani kwa sajini, ukabaki hapo. Mzee alikuwa akilia waziwazi.

"Nimetafuta mtu," akasema. "Polisi wananiambia hakuna mtu. Jeshi hakuna. Kanisani hakuna. Mke wangu kafa, hakuna aliyemuua!" Akavuta pumzi. "Leo siwezi kukusamehe. Usiniombe leo. Lakini sasa ninaye wa kumsamehe."

Baba Redemta akainamisha kichwa. Alichopewa kilikuwa kidogo kuliko msamaha, lakini kilikuwa chake kweli.

*

Siku ile hakuna aliyepigwa risasi. Askari walikuwa wakitazama viatu vyao, na Mlezi wa Taifa alipopewa habari akageuza msafara, akasema ana mafua. Watu wa Bonde wakalala majumbani mwao kwa siku chache zaidi. Kisha kikaletwa kikosi cha makapera watupu, vijana waliochunguzwa wasiwe na mke wala mtoto wala mpwa wa karibu, na kazi ikafanyika. Kanisa Kuu la Shukrani kwa Amani limejengwa. Ni zuri sana. Zege lake ni la kokoto za pale pale.

Mahakama ya jeshi ilijaribu kumshtaki sajini ikapata shida. Kasanzu alikuwa na sifa nzuri ya utii, kwa kuwa alipoamriwa kufyatua alifyatua. Fulgensi hakuwepo eneo la tukio, kibati chake kilikuwa msumarini, mlinzi alitoa ushahidi. Na aliyeweka bunduki chini, kwa maelezo yake mwenyewe, ni Baba Redemta, ambaye hajaajiriwa na jeshi. Majaji walijifungia, wakatoka na hukumu ya busara. Walisema mshtakiwa hana hatia, aachiwe huru, na apewe gari la serikali limrudishe nyumbani.

Skolastika alipika siku hiyo. Alipakua kwa watu watatu, akafunika kwa kawa. Gari bado linampeleka.

Askofu Mkuu hakukaa bure. Kabla rangi ya kanisa haijakauka alikuwa amekwisha kutoa waraka mwingine, na sasa katika kila kibanda kuna msumari wa pili. Askari akifika asubuhi anatundika ubatizo wake kwenye wa kwanza, na uzazi wake kwenye wa pili, anasema, "Nimewaacha," anaingia. Ibada ya kuzindua misumari hiyo ilirushwa moja kwa moja. Kibati cha Fulgensi kingali ukutani, na Askofu alikitaja katika mahubiri kuwa mfano wa Mkristo aliyelitumikia taifa bila kulichanganya na imani.

Imepitishwa pia sheria inayokataza watoto kuita "Baba" karibu na magari ya jeshi. Faini yake ni kubwa, na wazazi hawawezi kuilipa. Watoto wa Bonde, wanaoishi sasa kando ya barabara kuu chini ya maturubai, hawajui kusoma sheria. Redemta ndiye anayewaongoza. Kila lori la askari likipita anasimama ukingoni na wenzake wanasimama, wanaita wote kwa pamoja, kwa sauti ya juu kabisa.

Na ndani ya malori, pamoja na misumari miwili na waraka na baraka zote, vichwa bado vinageuka.